Nyasi Zisizokanyagwa

Siku ya saba nyasi za Sista Elinipendo zilielea, na Gharibu akasimama ukingoni na mpira wa maji mkononi, asijue acheke au alie.

Nyasi zenyewe zilimchanganya tangu zilipoletwa. Zilikuja na fuso kutoka Dar es Salaam, zimekunjwa kama mikeka ya msikitini na udongo wake umeshikana chini. Mafundi wakazitandika juu ya mchanga wa Kibiti kwa nusu siku tu, wakaenda zao. Gharibu alikuwa mkata mikoko wa Kiongoroni, huko kwenye delta ya mto, na umri wake wote alikuwa ameona watu wakipinda migongo kung'oa nyasi. Leo anaona zinanunuliwa, zinapandishwa gari, na anawekwa mtu mzima kuzilinda zisichakurwe na kuku. Alicheka peke yake mpaka alipokumbuka kuwa mtu mzima huyo ni yeye.

Sista Elinipendo alikuwa mkunga wa kituo cha afya, mwanamke wa Upareni mwenye maneno machache yaliyonyooka. Asubuhi aliyoondoka kwenda Morogoro kwenye mafunzo ya wiki mbili, alimwonyesha Gharibu chumba cha uani, chenye bati jipya na dirisha la wavu.

"Kaka Gharibu, wawili waliokutangulia waliniachia nyasi zikafa. Nikirudi nitashika pembe ya kipande, nivute. Kikigoma, kimeshika mizizi. Kazi ni yako, na chumba hiki uhamie siku hiyohiyo. Kikinyanyuka, tutaagana kwa amani. Mwagilia asubuhi na jioni. Zisikauke, zisioze. Na asikanyage mtu."

"Sawa, Sista."

Ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Zisikauke, zisioze, na hapo katikati ni wapi? Lakini chumba kile Gharibu alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mkewe, Subira, alikuwa Kiongoroni na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa botini, katikati ya mikoko, wakielekea Nyamisati kutafuta hospitali, na hakufika. Safari hii Gharibu aliapa mkewe atajifungulia Kibiti, na mjini hapo yeye mwenyewe alikuwa amejishikiza sebuleni kwa binamu yake Hafsa, familia ya watu saba. Hayo yote hakumwambia Sista hata neno. Kwao mimba haitangazwi, watu wa macho mabaya ni wengi, na mwanamume anayelitangaza tumbo la mkewe kwa mwajiri anaonekana hana haya. Basi akasimama mbele ya mkunga, akaongea habari za maji.

Siku ya tatu Mwalimu Zebedayo, jirani, alichungulia juu ya uzio akasema maji hayatoshi. Siku ya nne alichungulia tena akasema yamezidi. Siku ya tano nyasi zilianza kuwa manjano. Gharibu akampigia Sista simu.

"Ongeza kidogo," Sista alisema, kisha mtandao ukakata.

Kidogo kiasi gani? Gharibu alikaa juu ya ndoo akafikiri mpaka kichwa kikamuuma. Ndipo akakumbuka mpunga. Huko deltani wanawake hung'oa miche na kuihamishia kwenye majaruba, na yeye akipita na mzigo wake wa magogo alikuwa akiiona imesimama majini, hata ikiwa manjano, na baada ya siku kadhaa inakuwa kijani yenyewe. Kumbe jawabu lilikuwa kwao! Alichukua koleo, akazungushia uwanja mzima kingo za udongo, akafungulia mpira siku nzima na siku iliyofuata. Ndivyo nyasi za watu zilivyoelea.

Alibomoa kingo, maji yakatoka na mchanga wake. Vipande vikashuka ovyo, kimoja kimepanda juu ya mwenzake. Alilaza ubao akatambaa juu yake kwa tumbo, akavipanga kimoja kimoja kwa ncha za vidole, maana ameambiwa asikanyage mtu. Kwa macho uwanja ulipendeza. Chini yake palikuwa na mashimo, ila hilo hakulijua.

Kesho yake Subira akafika na begi moja, tumbo limetangulia. Hofu ilimshinda, alisema, asingeweza kungoja siku kumi na nne za nyasi. Akalala sebuleni kwa Hafsa pamoja na wengine. Ijumaa alimletea mumewe chakula, akabaki kuchunga uwanja Gharibu alipokwenda msikitini.

Gharibu aliporudi alimkuta mkewe katikati ya nyasi, miguu mitupu, gauni amelipandisha magotini, anakanyaga. Si kupita tu, anakanyaga! Kisigino, kidole, kisigino, kipande kwa kipande, na nusu ya uwanja imejaa nyayo.

"Toka! Subira, toka! Unakiua chumba chako mwenyewe!"

"Mie nimepandikiza mpunga tangu mwari, weye ulikuwa mikokoni," Subira alisema, anahema. "Umeyaona maji, miguu hukuiona? Mche unaukandamiza kwa mguu ukae na tope."

"Sista kasema asikanyage mtu!"

Subira alitoka, akaenda kunawa miguu. Gharibu alitahayari kumfokea mwanamke mwenye hali ile, lakini pia alikuwa na hasira, na hofu, na kifua hakikuvitosha vyote. Siku tano zilizobaki alimwagilia nusu zote mbili sawasawa, akiogopa hata kuzitazama.

Jumatano Sista Elinipendo alishuka kwenye bajaji, akatua mkoba, akainama hapohapo karibu na geti. Alivuta pembe. Kipande kikanyanyuka chote kama kitambaa cha meza.

Sista alivuka akavuta upande wa pili. Kikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, kikagoma.

"Mbona huku kumeshika? Umefanya nini huku?"

"Huko... huko ndiko kulikoharibiwa, Sista. Kumekanyagwa."

"Na nani?"

Subira alitokea nyuma ya tangi la maji alikokuwa amejificha, mkono kiunoni. "Ni mie, Mama. Nisamehe."

Sista Elinipendo aliacha nyasi. Alimtazama yule mwanamke kuanzia miguu iliyovimba mpaka usoni, akamsogelea, akaweka kiganja juu ya tumbo kama mtu aliyefika kazini.

"Miezi mingapi?"

"Tisa inakaribia."

"Unalala wapi?"

"Sebuleni kwa watu."

Sista alimgeukia Gharibu. "Kaka Gharibu. Wiki mbili mkeo ana hali hii, na mimi ndiye mkunga. Ungesema neno moja tu siku ile ningekupa chumba kabla sijapanda gari. Kwa nini hukuniambia?"

Gharibu akatazama nusu aliyoilinda, iliyonyanyuka, na nusu aliyoililia, iliyoshika.

Sista alichomoa ufunguo kwenye fungu lake, akamtia Subira mkononi. "Leo upumzike, nitakupima jioni. Kesho utembee kule kulikobaki, taratibu, mbele na nyuma. Utafaidika wewe na zitafaidika nyasi."

Wale wanawake wawili wakashikana mikono, wakakata katikati ya uwanja kwenda chumbani, wanakanyaga bila wasiwasi.

"Sasa Sista," Gharibu aliita nyuma yao, mpira mkononi, "mimi nimwagilie, au nisimwagilie?"