Chokaa kwenye Magurudumu

"Hivi Mwanaharusi, kati ya mume na gari, hasa unalilia kipi?"

Jirani yangu Mwanamkuu ndiye aliyeniuliza hivyo, amesimama mlangoni na sufuria ya uji, nami nimo edani wiki ya pili. Alikuwa amenikuta nachungulia dirishani, kwenye banda la makuti lilikolala gari la marehemu. Nilicheka, Mungu anisamehe, kicheko changu cha kwanza tangu tumzike Shaabani. Nikamwambia, "Mume nimemkabidhi kwa Mola wake. Gari bado sijajua nimkabidhi nani."

Lilikuwa dogo, jekundu, la miaka ya sabini, lenye mbio za ajabu. Shaabani alilikuta Tanga limetupwa kwenye majani, akalileta Mafia kwa jahazi watu wakimcheka, na kwa miaka tisa akawa analifufua msumari kwa msumari. Eda ilipokwisha, binti yetu Warda akatoka bandani siku moja na grisi mpaka kwenye nyusi. Amejiandikisha, akasema, kwenye mashindano ya magari ya kale huko Bagamoyo. Gari lipande boti Alhamisi, mbio ni Jumamosi.

Moyo ulinidunda. Ningesema ni hofu tu ningekuwa nadanganya.

Jumatano asubuhi Hafidhi akalileta kutoka karakana. Huyu ni fundi wa Kilindoni, alifanya kazi karakana moja na mume wangu miaka kumi na miwili, na tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa akilishughulikia. Aliingia uani kwa kishindo, akakanyaga breki mbele ya kizingiti changu, kuku wakaruka juu ya uzio.

"Umeona, shemeji? Limekuwa kali! Ukiligusa tu, linasimama kama limeona jini!"

Nami nilikuwa nimekwisha kutazama chini. Magurudumu ya nyuma yalichimba mifereji miwili mchangani. Ya mbele hayakuburuzika hata kidogo.

"Warda," nikasema, "niletee chokaa na brashi."

Hafidhi akashika kiuno. "Unataka kulipaka chokaa kama msikiti?"

Niliishia darasa la saba, na kuendesha sijui hadi leo. Lakini Shaabani alipokuwa akijaribu breki, mimi ndiye niliyesimama kando ya barabara. Yeye ndani hawezi kuyaona magurudumu yake, kwa hiyo alichora mstari mweupe ubavuni mwa kila tairi. Gurudumu likizunguka, mstari unayeyuka unakuwa duara la ukungu. Likikamatwa na breki, mstari unasimama wazi, kama mkono wa saa iliyokufa. Kazi yangu ilikuwa kumwambia upi umetangulia kusimama. "Mimi dereva," alikuwa akisema, "wewe jicho."

Naye alinieleza kwa nini. Gari likifungwa breki huinama kama mtu anayekwenda rukuu. Uzito wote huja mbele, nyuma huwa nyepesi. Ukiipa nyuma nguvu sawa na mbele, magurudumu yake yatakamatwa kwanza, na gurudumu lililokamatwa halijui tena njia. Mkia utakuja kutafuta kichwa. Ndiyo maana pale pembeni ya gia palikuwa na vali ndogo ya kugawia breki, mwenyewe akiiita mgawaji, isiyozidi kidole gumba. Ndani yake mna pistoni na springi. Ukikanyaga polepole, mafuta ya breki hupita sawasawa, mbele na nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu, springi inazidiwa, pistoni inasogea inaubana mlango, na kuanzia hapo kila nguvu inayoongezeka, nyuma hupata sehemu yake ndogo tu. Nilimwambia mume wangu hiyo naijua tangu nianze kupakua: kijiko cha kwanza watoto wote sawa, nyongeza iende kwa mwenye kazi nzito. Alifurahi siku hiyo mpaka akasahau kula.

Nikachungulia ndani ya gari, pembeni ya gia. Hapakuwa na vali.

"Hafidhi, mgawaji yuko wapi?"

"Aa, kile kidude? Kiliota kutu ya chumvi, shemeji, kimegoma. Nimepiga dairekti, bomba moja kwa moja mpaka nyuma. Kila fundi hapa anapiga. Na ndiyo salama! Tangu baiskeli tumefunzwa, breki ya mbele itakupiga mwereka, shika ya nyuma."

"Baiskeli haiendi mia na ishirini."

"Basi twende barabarani," akasema, na sasa alikuwa hacheki. "Chora chokaa yako. Naendesha mwenyewe."

Tulikwenda kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Bweni, pale inaponyooka katikati ya minazi na hakuna nyumba. Mimi na Warda tukasimama pembeni, nyuma ya shina. Hafidhi akarudi mbali mpaka gari likawa kama kungumanga. Kisha nikausikia ule mlio wa mbio, wallahi, sikuwa nimeusikia tangu Shaabani augue, na nywele zikanisimama chini ya ushungi. Lilikuja likitimua vumbi jekundu, maduara meupe yakivuma. Nikakaza macho.

Breki! Mstari wa nyuma ukasimama. Wa mbele bado ukungu. Nikapiga kelele, "Nyuma!" kana kwamba angenisikia, na mkia ukaanza kuja, taratibu kwanza, halafu wote kwa pamoja. Gari likazunguka mara moja, mara mbili, likapita mnazi kwa kiasi cha dhiraa, likasimama linatazama lilikotoka.

Vumbi likatua kwenye nyusi zetu.

Hafidhi akatoka bila kofia. Warda alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zimeingia, na mimi nikamwona yeye ndani ya gari lile, Jumamosi, mbele yake kona na watu.

"Halipandi boti," nikasema.

"Mama!"

"Halipandi, Warda. Labda mgawaji arudi mahali pake kabla ya magharibi."

Hafidhi, nimpe haki yake, hakubisha. Ile vali ilikuwa kwenye kopo la misumari ndani ya sanduku lake la spana. Akaifungua pale pale juu ya kanga yangu, akasugua chumvi mpaka pistoni ikateleza, mipira yake bado mizima. Akakata bomba lake, akafunga vali. Warda akapampu pedali, yeye akatoa upepo, pampu, shika, pampu, shika, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Adhana ya alasiri ikatukuta tumechafuka wote watatu. Tukasali kwa zamu kwenye mkeka wa dereva.

Vali ile ina parafujo: ukiikaza, springi inagoma zaidi na nyuma inapata zaidi, ukilegeza, inapata kidogo. Mara ya kwanza, Hafidhi akiendesha, nyuma ikatangulia bado. "Legeza nusu mzunguko," nikasema. Mara ya pili, mistari yote miwili ikasimama pamoja. Hafidhi akapiga makofi. "Bado," nikasema, "robo nyingine, mbele itangulie."

Mara ya tatu Warda akasema anaendesha yeye. Nilisoma dua zote nilizojua. Akaja kwa kasi kuliko Hafidhi, mtoto yule, namwona meno tu, na akakanyaga. Pua ikainama. Mstari wa mbele ukasimama. Nukta moja, basi, kisha wa nyuma ukafuata, na gari likaja limenyooka kama uzi mpaka likasimama hatua nne kutoka miguuni pangu. Nilipiga kigelegele. Mimi, mjane, barabarani, mchana wa watu. Minazi yote ikasikia.

Nyumbani nikawapa chai na vitumbua. Warda hakuweza kukaa, alikuwa akizunguka gari akilifuta kwa upande wa gauni lake. Hafidhi naye furaha ilikuwa imemrudia, anasimulia ule mzunguko kana kwamba aliufanya makusudi. Mwanamkuu, aliyekuja na masikio yake, akacheka mpaka akajipiga mapaja. Nilicheka pia. Kisha neno moja likanijia, nikaweka kikombe chini.

"Hafidhi. Umesema kila fundi hapa anapiga dairekti. Wewe umeyapiga magari mangapi?"

"Ah, shemeji, hayo si ya mbio."

"Mangapi?"

Akaanza kwa vidole, bado na tabasamu. Pikapu ya samaki ya Shamte. Lile la Kassian, la mchanga. La mwalimu Sospeter, linalopeleka watoto shule asubuhi. Akaenda mkono wa pili. Kidole cha saba kikabaki hewani, na tabasamu likawa limekwisha kuondoka muda mrefu.

Kitumbua alikirudisha sahanini kizima. Akainama, akachukua sanduku lake la spana, akalitia begani, akatoka, akashika njia ya kwa mwalimu Sospeter.