Kiti cha Dakika Arobaini

Mafundi walimwita Futi, kwa sababu ile futi yake ya chuma haikutoka mfukoni hata akialikwa harusini. Kazi yake ilikuwa kupanga mikahawa: meza zikae wapi, mlango wa jiko ufungukie upande gani, mhudumu mwenye sahani nne mikononi apite wapi bila kummwagia mtu supu shingoni. Mwenye mkahawa aliyemsikiliza alipata wateja. Aliyejifanya mjuaji alimrudia baada ya mwaka, amefyata mkia.

Jumatatu moja binti yake, muuguzi katika mji wa mbali, alimpigia simu.

"Baba, Alhamisi napita hapo. Nashuka saa saba, treni ya kuunganisha inaondoka saa kumi. Tunaweza kuonana."

Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu, tangu mazishi ya mama mtu. Mama alipolazwa, Futi alikuwa safarini akimalizia mkahawa wa tajiri mmoja, na kila jioni alimwambia binti yake kwenye simu, "Kesho nakuja." Kesho ikazaa kesho. Alipofika, kaburi lilikuwa linafukiwa. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Binti alimwamkia kwa adabu, akamletea chai, akarudi kazini kwake, na tangu hapo wakawa watu wa kutakiana heri kwenye simu mara mbili kwa mwaka.

Sasa Futi alitaka jambo moja tu: amwambie mwanawe "nisamehe", ana kwa ana, kabla treni haijaondoka. Alilifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo cha bafuni siku tatu mfululizo, mpaka akauchoka uso wake mwenyewe.

Mahali pa kukutania hakupafikiria mara mbili. Alichagua mkahawa bora kuliko yote aliyowahi kuipanga, ule ulio mkabala na stesheni. Tusimcheke sana. Mtu aliyepungukiwa na mambo ya kujivunia hukimbilia lile moja alilo nalo.

Binti alifika na begi dogo la mgongoni. Alikuwa amekonda, na paji la uso lilikuwa la mama yake, lile lile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu, kaa hapa."

Walipoketi tu, mzee akaanza. "Unaiona milango miwili ile ya jiko? Mmoja wa kuingilia, mmoja wa kutokea. Wahudumu hawagongani hata siku moja. Na meza za dirishani hujazwa kwanza, ili mpita njia aseme, ahaa, hapa kuna watu."

Binti akacheka. "Baba, wewe hubadiliki!"

Futi alifurahi mno kusikia kicheko kile, akaendelea kueleza habari za upana wa njia na mahali pa sinki la kunawia, na dakika kumi zikaenda hivyo. Kuku na wali vililetwa haraka, kama ilivyopangwa viletwe. Wakala. Ndipo akakohoa, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, ile wiki ya mama yako..."

"Nini, baba?"

"Nasema, ile wiki ya mama yako..."

"Sikusikii!"

Sahani zililia, vigae vikarudisha mlio, meza ya pili wakaangua kicheko. Mapazia na mazulia ya kumeza kelele Futi mwenyewe ndiye aliyeyakataa, akimweleza mwenye mkahawa kwamba palipo kimya mtu huagiza chai ya pili na kuanza kusimulia maisha yake. Jirani, ambaye kiwiko chake kilikuwa karibu kuingia kwenye sahani yao, akageuka kutazama. Neno kama lile halipigiwi kelele. Mzee akalimeza pamoja na wali.

Binti akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Futi aliona, na moyo ukamshuka. Alikuwa amekaa ndani ya ukumbi huu wiki nzima na saa mkononi kabla haujafunguliwa, akipunguza miguu ya mbele ya kiti kidogo kidogo, mpaka kikainamia mbele kwa sentimita mbili. Aliyekikalia hakujua kinachomchosha. Kwanza hukunja mguu, kisha hutafuta pa kuegemeza viwiko, na meza ni nyembamba, kisha hutafuta mkoba. Dakika ya arobaini huinuka mwenyewe, akidhani ni hiari yake. Watu wa ofisini wenye mapumziko mafupi waliupenda mkahawa huo kwa kuwa foleni yake ilitembea, na mwenye mali alichekelea. Hakuna aliyedhulumiwa. Futi alitupa macho huku na huku akitafuta pa kumhamishia mwanawe, lakini viti vyote vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Tuagize chai," alisema haraka.

"Nimetosheka, baba. Na wale wanasubiri meza, tusiwakalie." Alikuwa tayari ameshika begi lake. "Mgongo wangu leo, sijui ni safari. Acha nikanyooshe miguu kule stesheni."

Zilikuwa zimepita dakika thelathini na nane.

Nje, penye ukingo wa barabara, Futi alipiga moyo konde akamshika mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Ile wiki ningeweza kuja. Kazi ilikuwa imebaki kupachika milango tu, na milango ingepachikwa na mtu yeyote. Nisamehe."

Wapita njia walipita wakiwasukuma, mmoja akasema samahani.

"Mama alikuwa anakuulizia kila asubuhi," binti alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Baba, maneno kama haya ni ya nyumbani. Mbona hukuniita nyumbani?"

Futi angeweza kutunga uongo. Aliona aibu, lakini alisema kweli.

"Nyumbani kuna kiti kimoja. Vingine niliviuza baada ya msiba. Nilipima chumba, nikaona kwa mtu mmoja..." Hakumalizia.

Binti alimwangalia, macho yakamjaa machozi.

"Ningekaa chini, baba."

Akaliweka begi lake sawa mgongoni, akavuka barabara kwenda stesheni. Kabla treni yake haijaondoka zilikuwa zimebaki saa mbili nzima.