Robine ya Bokilo

Kwenye mlango wa makumbusho ya magari ya zamani, pale Ngungu, Papa Floribert alisimamisha kigari chake cha kusukuma kwa mikono akatafuta ngazi za kulalamikia. Hazikuwepo. Tangu aanguke kwenye mti wa avoka, miaka tisa sasa, kila mahali aliingizwa mgongoni mwa mtu kama gunia la viazi, na matani ya kumchokoza mbebaji wa leo alikuwa ameyapanga tangu walipotoka Shasha. Yameharibika bure!

"Iko muteremuko tu, Papa," alisema binti yake Mapendo. "Jisukume."

"Mama yangu alizeekea mu kigari," alieleza Emérita, mwenye makumbusho. "Nilijenga nikimufikiria yeye."

Papa Floribert hakuja kutembea tu. Bokilo, lori aliloendesha miaka kumi na minane kwenye matope ya Masisi na Walikale, lilikuwa humo ndani, na Jumatatu lingekatwa vipande liwe majembe. Sheria ya Emérita ilikuwa moja: gari lisilonguruma linatoka. Lori waliliita Bokilo, yaani mkwe, kwa sababu ukiliharakisha linanuna.

"Tulibadilisha pompe ya mafuta mara mbili," Emérita alisema. "Fundi mekanisie alisema moteri ilikufa."

"Huyo mekanisie alikuwa anasimama?"

"Sasa alale, Papa?"

"Njo hiyo kosa yake."

Akajisukuma kando ya lori mpaka uso wake ukalingana na chuma cha shasi. Akaingiza mkono nyuma ya kipande cha mpira, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni. Robine, bilula ya kufungia mafuta, ilikuwepo! Aliifunga mwenyewe siku watu walipokimbia vita, ili wezi wasiondoke na lori, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mafuta yalikuwa yamejaa tangi muda wote huo, yamezuiwa mlangoni kama mgeni asiye na zawadi.

Lakini robine ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaisokota. Wapi! Akaisokota tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Mapendo, leta ile mawese."

"Ya kula na mihogo?"

"Bokilo njo anaanza kula."

Wakaipaka mawese, wakangoja, wakatafuna mihogo mikavu bila kitoweo. Aliposhika tena, robine ililia kidogo, ikageuka. Emérita akapampu mafuta kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha, kisha akapanda akawasha. Lori likakohoa. Mara ya pili, kimya.

"Usimuharakishe," alinong'ona Papa Floribert. "Umusalimie kwanza."

Emérita, bila kucheka, akamsalimia Bokilo. Mara ya tatu lori likanguruma, mabati ya paa yakatetemeka, moshi mweusi ukamfukuza Mapendo mpaka nje, akipiga vigelegele na kukohoa pamoja.

Emérita akashuka, akafuta kwa kiganja msalaba wa chaki, alama ya magari ya kukatwa, kwenye mlango wa lori.

"Sasa munibebe," alisema Papa Floribert. "Kwenye usukani, si pengine!"

"Hapa habebwi mutu."

Emérita akavuta mnyororo wa kuinulia moteri, akamfunga mikanda mipana, akampandisha polepole hadi kwenye kiti cha dereva.

"Mapendo, umeona?" alipaza sauti, akipiga honi mpaka Ngungu nzima ikageuka. "Si viazi tena. Leo niko moteri!"