Jino Lililogoma Kung'oka

Mwaka 1999 Bibi Sharifa alitoka Nalasi hadi Songea kumleta mjukuu wake Nasrin, msichana wa darasa la sita ambaye hakucheka bila kuziba mdomo. Juu upande wa kulia hakuwa na jino la chonge, na meno ya jirani yalikuwa yamelaliana.

"Lilichimbuliwa akiwa mchanga," Bibi alimwambia Daktari Oliva, mganga wa meno wa hospitali, kifua mbele. "Lilikuwa jino la plastiki, yale yanayoua watoto kwa homa. Mganga nilimwita mimi mwenyewe."

Daktari hakubishana naye. Alimpiga Nasrin picha ya eksirei, akaiingiza kwenye kompyuta, ambayo mjini bado ilikuwa kitu cha kusimuliwa, akaikuza hadi taya likajaa kioo kizima. Akachora mistari juu yake, mashine ikapima.

"Mganga alichimbua jino la utoto tu, bibi, na ile homa ilitaka dawa. Jino la chonge la ukubwani hili hapa, limelala upande ndani ya mfupa. Tutalivuta kwa waya, litashuka."

Bibi Sharifa alikikodolea macho kioo. Aibu ilimshika, lakini haikukaa. Akasimama, akajifunga kanga upya.

"Kumbe yule mganga kala jogoo wangu bure! Kisu chote kile, na jino la ukoo wetu limemgomea!" Akawatazama wagonjwa waliokaa kwenye benchi mlangoni. "Daktari, hebu igeuze hiyo televisheni, watu waone."

Nasrin akaangua kicheko, mikono yote miwili mapajani.