Robo ya Nne Haikusikika

Mimi mpira sikuupenda Unguja, na huku Matrah, Omani, nikauchukia zaidi, kwa sababu huu wa Mista Reji haukuwa hata mpira wa haki. Wenyewe umechongoka kama papai. Watu kumi na wanane kila upande, wanaruka, wanavaana, wanaushika kwa mikono, na mchezo wanaukata mapande manne, kila pande wanaliita robo. Ukiupitisha kati ya nguzo mbili za katikati unapata pointi sita. Ukikosa, ukapita pembeni kidogo, wanakupa moja. Nikamuuliza mume wangu, Harub, watu gani hao wanaomtunza aliyekosa. Akasema, "Kakosa kwa karibu, Kheiria." Nikamwambia kama kukosa kwa karibu kuna tunzo, basi sisi tuliotoka Unguja tungekuwa matajiri.

Tulitoka mwaka wa sitini na nne, mimi na Harub na binti yetu Rahila, hata kutembea hajajua. Mavyaa yangu, mama yake Harub, Bi Shaikha, alikataa kupanda meli. Alisema nyumba haiachwi tupu, sisi tutangulie, mambo yakipoa tutarudi. Mambo hayakupoa, na nyumba yenyewe ikachukuliwa. Kufika mwaka wa sitini na sita alikuwa akilala ukumbini kwa jirani yetu Bi Muhsina, na sasa ni yeye mwenyewe aliyekuwa akituma salamu kwamba tumchukue.

Ruhusa ya kutoka kule alishaipata kwa mbinde. Iliyobaki ni ya kuingia huku, na mlango wa huku nao ulikuwa mgumu. Sisi wenyewe tuliingia kwa kubembeleza, na majirani wakituita Wazinjibari, kana kwamba babu zetu hawakuzaliwa humu humu. Harub alikwenda kuomba, akaambiwa aje baada ya Idi. Idi ikapita. Akaambiwa alete mtu wa kumdhamini mama yake, na awe mtu mkubwa. Mtu mkubwa tuliyemjua sisi alikuwa mmoja tu, naye ni Mista Reji.

Mista Reji alikuwa Muaustralia, msimamizi wa mafundi waliokuwa wakilaza bomba la mafuta kutoka bara kuja pwani. Harub alikuwa karani kwenye ofisi yao ya Matrah. Siku moja Mzungu akasikia kuwa zamani Harub alikuwa akiandika mabao ya kriketi pale Mnazi Mmoja, basi akafurahi kama aliyeokota ndugu. Kwao alikuwa na timu yake, timu ya mtaa aliozaliwa, jina lake mimi ulimi haukuliweza. Alikuwa anakwenda bara, jangwani, na redio yake kule haikamati kitu. Akaileta kwetu. Kazi ya Harub ikawa kusikiliza matokeo kila Jumamosi mchana, kisha jioni, akimaliza kupeleka kambini khabari za mchele na misumari kwa simu ya upepo, ampe na mabao, robo kwa robo. Na kila mwisho wa mwezi amwandikie uchambuzi, timu inaharibikiwa wapi.

"Na dhamana ya mama?" nikamuuliza Harub.

"Kakubali. Akirudi Septemba, mchezo ukimalizika, tutakwenda pamoja."

Akaenda kwa seremala akachongesha kitanda. Kifupi, kwa sababu mama yake magoti yalikuwa yakimuuma, kitanda kirefu hakipandi. Tukakiweka chumba cha mbele, nikakitandika shuka, na Rahila nikamkataza kukirukia.

Basi Jumamosi wali unapoa sahanini na mume wangu kainamia redio, kashika penseli, anaifuata sauti inayokuja na kuondoka. Kachora mistari karatasini, robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na chini yake anajaza. Timu ya Mista Reji haikuwa na adabu. Robo ya kwanza inaongoza, tena kwa maringo. Ya pili bado imo. Wanakwenda kupumzika, wanakula machungwa yao, wanarudi, na hapo ndipo unapoingia ugonjwa. Ya tatu wanapata zile pointi moja moja za kukosa, na wenzao wanapata sita sita. Ya nne wanazikwa.

Mwanzo alidhani ni upepo. Uwanja wao mkubwa, upepo ukivuma upande mmoja anayepiga naye anafaidi, na kila robo wanabadilishana pande. Akapanga mechi zote za Aprili na Mei, akaona upepo wa robo ya kwanza ndio huo huo wa robo ya tatu, na ya kwanza wanashinda, ya tatu wanashindwa. Kwa hiyo si upepo. Akatazama kama ni uchovu, akaona robo ya pili wanakimbia vilevile. Siku hiyo aliacha kula kabisa. Akanambia, "Hawafungwi robo ya nne hawa. Robo ya nne inatangaza tu. Wanafungwa pale wanaporudi na kuona uongozi wao mdogo, wanaanza kuulinda."

Mimi nikamwambia la kuvunda halina ubani, kula. Lakini nitasema kweli, nilianza kusikiliza. Kila Jumamosi nilikuwa nnaomba washinde, kwa sababu mtu aliyefurahi hutia saini upesi.

Mwezi wa Juni Mista Reji akapatwa na homa kule kambini. Joto la bara mnalijua, linapika mawe. Dereva wa lori akatuambia Mzungu kalazwa hemani, hali chakula, analia usiku anaita watu wa kwao. Jumamosi hiyo timu ilifungwa vibaya kuliko siku zote. Harub akaikunja karatasi yake.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Mtu yuko safarini, tena mgonjwa. Anaambiwa hivyo?"

Na hapo alisema kweli, maana ndivyo tulivyolelewa. Msafiri haambiwi msiba. Akifiwa, anaambiwa mzee wako anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo. Anaambiwa alikula asubuhi, akanywa uji, jana alikaa barazani. Maiti kashazikwa na bado anakunywa uji. Hatuoni kuwa ni uongo, tunaona ni kumshika mtu mkono mpaka afike pahala pa kukaa.

Harub akampa robo tatu. Ya kwanza wanaongoza, ya pili wamo, ya tatu wamelegea kidogo. Ya nne akasema redio ilikoroma, haikusikika.

Jumamosi ya pili vilevile, na ya tatu. Mista Reji akapona homa, lakini Harub sasa angeanza vipi? Angesema redio imepona na timu imekufa? Julai ikapita, Agosti ikapita, na kila wiki ile redio ya watu, nzima kama siku ilipokuja, ikakoroma robo ya nne. Uchambuzi wa mwisho wa mwezi aliuandika kwa robo tatu, na ulikuwa uchambuzi mzuri. Nilimwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema, "Akija nitamweleza uso kwa uso, kwa utaratibu. Atafahamu."

Septemba Mista Reji akaja. Hakuja kwanza kwetu. Alipitia ofisini, akakuta magazeti ya kwao yamemngoja miezi mitatu, akayasoma yote. Alipofika mlangoni kwetu uso ulikuwa mwekundu, na mwilini kabakia mifupa. Kahawa aliikataa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na Kiingereza changu cha skuli kilinitosha.

"Mkiani," akasema. "Tumemaliza mkiani kabisa. Kambi nzima nimewaambia msimu huu tunapanda."

Harub akaanza kumweleza, homa, safari, ugeni. Alieleza kwa upole, na kwa Kiswahili maneno yale yangemtoa mtu machozi. Kwa Kiingereza yalikuwa ya mtu aliyekamatwa.

Mista Reji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya dhamana, ile tuliyompelekea kwa lori ili aisome. "Hapa umeandika mama yako ni mzima, hana maradhi," akasema. "Hii nayo ni robo tatu?"

"Hiyo ni kweli, bwana."

"Nitajuaje?"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, kelele hupoa. Aliiweka karatasi juu ya mkeka bila saini, akaichukua redio yake, akaaga kwa adabu. Baada ya wiki akapanda ndege akaenda zake kwao.

Nilimkasirikia Harub mpaka nikashindwa kumtilia chai. Nilimwambia mama yako unamwacha ukumbini kwa watu kwa sababu ya mpira wa papai. Alikuwa akirudi kutoka kazini anakwenda chumba cha mbele, anakaa sakafuni, ubavuni mwa kile kitanda, na juu yake hakukaa hata siku moja.

Oktoba, Ijumaa baada ya sala, akaja Mahfoudh, mtoto wa ami yake Harub, ametokea Unguja kwa njia ya Dubai. Tulilia kwa furaha, tukamkalisha, nikaleta halua na kahawa. Harub hakumwacha hata ameze.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Anaumwa kidogo tu." Mahfoudh akanywa funda. "Ramadhani alifunga yote, hakuacha hata siku. Idi ya Hija alivaa buibui lake jipya akazungukia watu. Maulidi alikwenda pia, ila alikalishwa kiti, miguu ilivimba kidogo. Akala vizuri usiku ule, biriani, Bi Muhsina kamtilia mara mbili." Kisha akakitikisa kikombe kuonesha ametosheka, na kilikuwa bado kina kahawa.

Nilimtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa ule wa Jumamosi, kainama, anafuata sauti.

"Umenipa robo tatu, Mahfoudh," akasema. "Ya nne?"

Mahfoudh mambo ya mpira hakuyajua. Lakini alifahamu, kwa sababu alikiweka kikombe chini na mkono wake ukabaki pale pale.

"Mwezi mmoja baada ya Maulidi," akasema. "Tulimzika Jumamosi."

Nikahesabu bila kutaka. Agosti, mwanzoni. Bi Shaikha alikuwa kashakwenda, na Harub bado anaikata robo ya nne ili mtu asiudhike, atutilie saini.

"Umekaa hapa unakunywa kahawa," Harub akasema polepole. "Kwa nini hukunambia mlangoni?"

"Wewe ungeweza, ndugu yangu?"

Watu walikuwa lazima waambiwe msiba, na nyumba yetu ilikuwa ndogo. Nikaingia chumba cha mbele, nikatoa shuka, nikaanza kukiburura kitanda nje, ili watakaokuja matangani wapate pa kukaa.