Mshika Antena

Kila mtangazaji wa redio ya jazi alikuwa na mkanda wake kwenye kiti. Taa nyekundu ikiwaka na mtu akaenda hewani, alikwenda hewani kweli: makalio yaliachana na kiti, miguu ikaachana na sakafu, na bila mkanda angemalizia salamu zake mgongo ukiwa darini. Wageni waliokuja kuhojiwa waliambiwa mapema, na akina mama wakaombwa wasivae sketi pana. Zaidi ya hapo jambo hilo halikuzungumzwa. Kazi nyingine watu huumwa mgongo, nyingine huumwa macho.

Watu hawakupanda sawa. Msoma habari, aliyesoma alichoandikiwa, aliinuka visigino tu, kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Tangazo la sabuni halikupata kumwinua mtu yeyote. Lakini mama wa kipindi cha asubuhi, aliyewaamsha wasikilizaji kwa tarumbeta za mbiombio na kuwasema wanaochelewa kazini, alipaa mpaka mkanda ukalia. Fundi mitambo alikuwa na maelezo yake. Maneno ya mtu mwenyewe ndiyo yanayompandisha, alisema, na ya kuazima humwacha alipo. Alilisema hilo mara moja tu, akimenya chungwa, kisha akarudi kwenye nyaya zake.

Aliyekuwa hapandi kabisa ni Besi. Besi ndiye aliyekuwa na kipindi cha jioni, kipindi kilichopendwa kuliko vyote, na sauti yake ilikuwa nene hivi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini. Alikaa kitini kama mfuko wa saruji. Wote waliamini kwamba ni uzito wa sauti ndio unaomshikilia chini, na yeye mwenyewe aliamini kuliko wote. Mkanda wake aliuacha unaning'inia makusudi ili wageni waulize.

Upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, alikaa mdogo wake wa kike. Walizoea kumwita Santuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyezichagua santuri zote, akazifuta vumbi na kuzirudisha kwenye rafu. Kulikuwa na kazi nyingine aliyoifanya, ambayo haikuwa na jina. Ilianza jioni moja ya zamani, Besi alipofungua maiki akakuta hana la kusema. Santuri alibonyeza kitufe akamwambia kwenye hedifoni: sema huyu mpiga kinanda anapiga kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku mvua inamnyeshea. Besi akasema. Simu ziliita mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo Besi hakutia neno lake tena. Alisikia, akasema, pumzi moja nyuma ya mdogo wake, na Santuri akajifunza kuchomeka miguu kwenye chuma kilichopita chini ya meza ya mitambo, ili asiende popote.

Mwanzoni aliona ni haki tupu. Kaka alijaliwa sauti, yeye kajaliwa maneno, na chakula walikula meza moja. Baadaye ikaanza kumkereketa.

Mama yao aliishi ng'ambo ya kilima, mahali ambapo redio haikufika. Jioni zenye hewa safi alipata mkwaruzo mrefu na ngoma kidogo, basi. Hilo halikumzuia kujisifu. "Baba yangu yuko redioni," aliwaambia majirani, na mgeni ilibidi aelezwe kwamba anamsema mwanawe. Siku moja Santuri alimweleza mama kuwa maneno yale ni yake. Mama alimwambia asimwonee kaka yake wivu, kisha akageuza mazungumzo yakawa ya bomba linalovuja. Iliuma. Tangu siku hiyo Santuri alitaka kitu kimoja tu, wala si kikubwa: mama yake aisikie habari hiyo kwenye redio, kutoka kinywani mwa Besi mwenyewe.

Ndipo mkurugenzi alipoleta meza mpya ya mitambo. Ilikuwa ya kioo, nzuri sana, na chini yake hapakuwa na chuma chochote.

Jioni hiyo ulipigwa wimbo wa tarumbeta iliyozibwa mdomo kwa kizibo. "Sikilizeni vizuri," Santuri alimwambia kaka yake, "huyu ni mtu anayegombana na jirani kwa adabu." Akahisi kiti kinamwacha. Alitafuta pa kuchomeka miguu, hakupata, akaendelea kusema, maana kipindi kilikuwa hewani na haifai kumwacha ndugu yako mdomo wazi mbele ya watu. Saksafoni ilipoingia alikuwa amelala chali juu ya hewa, pua karibu na dari, maiki mkononi na waya umenyooka. Fundi mitambo, aliyekuja kuchukua bisibisi, alizima feni kwanza, kisha akachukua bisibisi yake akatoka.

Mkurugenzi alipita koridoni akachungulia. Chumba hiki, Besi amekaa kitini. Chumba kile, Santuri yuko darini na midomo inacheza. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na mdomo wa Besi ulikuwa ukija nyuma kila mara. Mkurugenzi hakuwa mjinga. Kufikia habari za saa mbili redio nzima ilikuwa imejua. Mama wa kipindi cha asubuhi alisema siku zote alijiuliza inakuwaje mtu ambaye wakati wa chai huzungumzia viatu vyake tu, jioni akawa na maneno matamu namna ile.

Kesho yake kikakaliwa kikao. Mkurugenzi alianza na dari, ambayo ilikuwa imepakwa rangi juzijuzi na sasa ina alama ya kisogo. Kisha akafika kwenye kipindi. Wasikilizaji wamemzoea Besi, alisema, picha ya Besi imechorwa ukutani nje, na sauti ya Santuri, bila kumvunjia heshima, ni nyembamba. Mama wa asubuhi alisema wembamba si ugonjwa. Besi alikuwa akiangalia viatu vyake.

Fundi mitambo akaomba kukumbusha jambo. Mlingoti wa redio umepinda tangu upepo mkali ulipoupiga, na tamasha la mtaa ni Jumapili, na redio imeshatangaza kwamba litarushwa moja kwa moja. Antena ikipata wa kuishika juu, akasema, matangazo yatafika mbali kuliko yalivyopata kufika. Kikao kizima kikamgeukia Santuri.

Aliuliza swali moja: yatafika ng'ambo ya kilima? Fundi akasema yatafika na kupita. Santuri akakubali, kisha akamfuata kaka yake koridoni.

"Kaka, Jumapili utanitaja."

"Nitakutaja."

"Mama atakuwa anasikiliza. Umwambie yale maneno ni ya nani."

"Mdogo wangu, nimeshasema nitakutaja. Mbona unanifanya kama mtu baki?"

Tamasha lilifanyika nyuma ya soko, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Kinyozi aliazimisha viti vyake vinavyozunguka, kwa hiyo watu wa safu ya mbele hawakutulia, na mara kwa mara mmoja wao alijikuta anaipa bendi mgongo. Kwenye klarineti alikuwepo fundi cherehani mstaafu, kwenye ngoma muuguzi aliyetoka moja kwa moja zamu, bado na saa yake imebanwa kifuani, na kwenye kinanda mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi wake walikuja kuhakikisha kama ni kweli. Mama wa kipindi cha asubuhi alicheza peke yake karibu na spika na hakutaka wa kumsindikiza.

Fundi mitambo alimfunga Santuri kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa kinanda. Alimpa antena mkono wa kulia, akambania maiki kwenye kola, akamuuliza kama kamba haimkazi. Taa nyekundu, iliyotundikwa kwenye mti wa mwavuli, ikawaka. Santuri akaanza kusema, naye Besi, hedifoni masikioni, akaanza kusema nyuma yake.

Alipanda. Alikipita kinanda, akalipita bango, akalipita paa la soko. Watu walikinga macho kwa mikono wakamtazama, kisha wakarudi kwenye muziki. Mama mmoja aliyekuwa akianika shuka ghorofani alimwomba, tafadhali, aangalie ile kamba isiguse nguo nyeupe.

Huko juu maneno yalimjia kuliko siku zote. Aliuona upara wa fundi cherehani unang'aa kwa jasho, akasema huyu anapiga kama anayemshonea shati mtu aliyekataa kupimwa, na angalieni linavyomkaa. Pumzi moja baadaye Besi aliyasema hayo chini, uwanja mzima ukaangua kicheko, fundi cherehani akainama kwa shukrani, na watu wakampigia Besi makofi. Alisema ngoma za muuguzi zinapapasa mapigo ya wimbo kwa vidole viwili zikakuta mgonjwa yu hai. Alisema mwalimu anafuta jibu alilokwisha kulipata kwa sababu anapenda njia. Kamba ilizidi kunyooka. Kilima kikawa chini ya miguu yake, na nyuma ya kilima akaiona nyumba yao, na ua, na redio imewekwa juu ya kigoda. Majirani wamesimama kuizunguka. Mama yake amekaa katikati, amevaa gauni la kutokea.

Redio haikuwa inakwaruza. Aliweza kulijua hilo kwa jinsi mama alivyokaa, mikono mapajani, bila kugusa kitufe. Santuri alicheka peke yake huko juu, na Besi, ambaye hakuambiwa kwamba hicho hakikuwa kwenye kipindi, akacheka vilevile.

Wimbo wa mwisho ulipokaribia, Besi alivua hedifoni. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka.

"Ndugu wasikilizaji, nina neno langu mwenyewe," alisema, na nyayo zake zikaachana na saruji, kidogo tu, karatasi ingepita. Alishika mti wa maiki kwa mikono miwili. "Namshukuru mdogo wangu. Bila yeye msingenisikia leo. Yeye ndiye anayetushikia antena."

Makofi yalikuwa mengi, na watu waliyapiga wakiwa wameangalia juu. Santuri alisubiri sehemu iliyobaki. Besi alikuwa ameshaanza kumshukuru kinyozi kwa viti.

Kwa kuwa maneno hayo hayakuwa yake, alikuwa anashuka. Kilima kilipanda kikaifunika nyumba ya mama, mama na gauni lake. Alizipita shuka, akalipita bango, mpaka viatu vyake vikatua juu ya kinanda, mbele ya mwalimu, ambaye alisogeza karatasi zake akaendelea. Kutoka pale alimwona kaka yake kwa karibu. Besi alikuwa amebadilika rangi, miguu ikitafuta ardhi. Alirudisha hedifoni masikioni, akamtazama mdogo wake, akasubiri.

Santuri aliona angeweza kunyamaza. Uwanja wote ungejua, na ng'ambo ya kilima wangejua. Alikaa na wazo hilo kwa muda wa pigo la ngoma, na lilikuwa tamu. Kisha akamfikiria mama, katikati ya majirani, anagonga ubavu wa redio kwa kiganja.

"Wapenzi wasikilizaji," alisema, na miguu yake ikaachana na kinanda.

Jioni mama alipiga simu.

"Nimewasikia wote. Kaka yako kaongea, mpaka huyu jirani wa bomba kafuta machozi."

"Na mimi nilitajwa, mama."

"Nilisikia. Unashika antena. Ni kazi ya maana, ndugu kusaidiana. Ila pale pale alipokuwa anakutaja, redio ikaanza kukwaruza, hatukusikia vizuri mwisho wake. Ulilegeza mkono, mwanangu. Siku nyingine shika vizuri."

Santuri alisema sawa, mama. Alipokata simu alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kupanga santuri za kesho.

Jumatatu mafundi walitoboa dari ya chumba cha mitambo, kazi safi kabisa, yenye fremu ya mbao na kifuniko cha kuzuia mvua. Mlingoti uliopinda uliuzwa chuma chakavu. Mkurugenzi alimpa Santuri koti la mvua lenye nembo ya redio, na kwenye ubao wa zamu, chini ya mfagizi na juu ya mlinzi, pakaandikwa mshika antena. Besi alianza kuufunga mkanda wake, japo hakuuhitaji. Alisema ni kwa usalama.

Taa nyekundu ikawaka. Santuri alipita kwenye tundu na kamba yake, akatokea juu ya bati ambalo bado lilikuwa na joto la mchana, akaenda zake juu. Kijua kilikuwa kinaelekea kuzama na hewa ilikuwa nzuri. Nyuma ya kilima aliona mama anatoka na redio, anaitua kwenye kigoda.

"Habari za jioni, mama," Santuri alisema, akiwa ameishika antena kwa mikono yote miwili.

Pumzi moja baadaye Besi alisema habari za jioni, mama, kwa ile sauti yake nene, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama alitabasamu, akaisogelea redio.

"Nzuri tu, baba," akaijibu.