Kurudia Kazi ya Baba

Mtaani walimwita Sikio, na hata mkewe akitaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa injini wa aina yake: angesimama kando ya gari linalounguruma, ainamishe kichwa kidogo, kisha akutajie ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Alipostaafu, gereji ilibaki mikononi mwa binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye yeye mwenyewe alimfunza kazi tangu vidole vya mtoto vikiwa vifupi kwa spana. Lakini kustaafu hakukumkaa. Kila asubuhi alikuwa mlangoni, ovaroli imepigwa pasi, akiuliza kama kuna chai.

Siku moja alilivuta turubai lililofunika gari lake mwenyewe nyuma ya gereji. Lilikuwa gari la zamani, la kijani, lenye taa za mviringo, na ndilo lililomleta binti nyumbani kutoka wodi ya wazazi alipozaliwa. Bodi ilikuwa bado nzuri. Injini ndiyo iliyochoka. Ilikunywa oili bila haya, ikipanda mlima ilihema, na moshi wake wa buluu ulibaki barabarani muda mrefu baada ya gari kupita.

"Siku ukilitembeza, sihitaji dawa ya mbu," alisema fundi cherehani wa jirani.

"Cheka tu," Sikio alimjibu. "Likipona utakuja kuomba lifti."

Hakutaka kuifungua injini kabla ya kujua inaumwa nini. Wakachomoa plagi zote. Binti akakaa ndani kupiga starta, baba akabana kipimo cha mgandamizo kwenye tundu moja baada ya jingine. Silinda mbili za mbele zilijitahidi. Ya tatu ilikuwa dhaifu, na ya nne dhaifu zaidi. Baba akamimina oili kidogo ndani ya ile ya tatu, wakapima tena, mshale ukapanda.

"Umeona, mwanangu? Oili imeziba mwanya. Hapa ringi za pistoni zimelika." Akafanya vile vile kwenye ya nne, mshale ukabaki pale pale. "Huku oili haijasaidia kitu. Valvu haifungi sawasawa. Tunaifungua yote."

Binti aliyajua hayo tangu zamani, lakini alisikiliza kama mgeni. Moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kabla ya hapo baba alikuwa amemwita mteja mmoja kwa jina la kaka yake aliyekwishafariki. Tena alikwenda kununua mkate dukani, akarudishwa na jirani akiwa ameshikwa mkono. Sasa, kwa kumwona yuko makini namna ile, binti alijiambia ni uzee tu, na nani hazeeki.

Walishusha injini, wakaipasua, wakaosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Silinda zilikwanguliwa upya. Baba alikaa kwenye kigoda akizisaga valvu kwa mkono, taratibu, akipaka dawa ya kusagia na kufuta, mpaka kila moja ikakaa kwenye kiti chake bila kupitisha hata tone. Kazi hiyo ilitoka safi kabisa.

Tatizo lilianza walipofika kwenye kuunga. Baba aliomba aachiwe beringi za krenki, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni. Alipomaliza na kwenda kunawa, binti aliushika mhimili auzungushe. Ulikataa. Akafungua vifuniko vya beringi na kukuta cha pili kimewekwa mahali pa cha tatu. Kila kifuniko huchongwa pamoja na makao yake, ukikihamisha kinabana. Baba ndiye aliyemfundisha kuvigonga alama, nukta moja, nukta mbili, nukta tatu, ili visichanganyike. Nukta zilikuwa pale pale, zinaonekana wazi.

Akavirudisha mahali pake bila kumwambia baba. Keshoye akakuta ringi zimevishwa juu chini. Siku iliyofuata, nati za mikono ya pistoni zilikuwa zimeshikwa kwa vidole tu, hazikukazwa. Injini ikiwaka hivyo, ingejivunja yenyewe.

Jioni alimweleza mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani. Mama hakushtuka.

"Najua," alisema. "Siku hizi akivaa shati namfunga vifungo, nasema nataka kumshika kifua."

"Tumwambie apumzike, Mama."

Mama aliendelea kukunja. "Ukimtoa kwenye ile gereji unaniletea nini hapa nyumbani? Mwache afanye. Wewe urudie nyuma yake."

Basi ikawa hivyo. Baada ya chakula cha mchana Sikio alikuwa na kawaida ya kulala kwenye kiti cha gari kuukuu kilichowekwa pembeni ya ofisi. Binti alingoja pumzi yake iwe nzito, kisha akafungua alichofunga baba na kukifunga upya. Spana alizizungushia matambara zisigonge chuma.

Mchana mmoja alikuwa ameinama juu ya injini aliposikia sauti kutoka ofisini, ya chini, isiyo na haraka.

"Hiyo ni spana namba kumi na saba. Unafungua kifuniko cha beringi."

Aligeuka. Baba alikuwa amelala vile vile, amefumba macho.

"Nilikifunga asubuhi," alisema. "Kina nini?"

Binti alitafuta uongo wa kumfaa, akaukosa. "Hakikuwa mahali pake, Baba."

"Ni mara ya kwanza?"

"Hapana."

Baba aliinuka polepole, akaja, akavaa miwani. Aliomba aonyeshwe. Akapitisha kidole juu ya zile nukta kama mtu anayesoma herufi za kigeni, akarudia, kisha akavua miwani.

"Nilidhani ni majina ya watu tu yanayonitoroka," alisema. "Kazi nilijua ninayo."

"Unayo, Baba. Uliijua injini hii inaumwa nini kabla mimi sijagusa chochote."

"Usinibembeleze." Hakusema kwa hasira. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti alichokuwa amelalia. Akaondoka akiwa amevaa fulana tu. Binti alimfuata kwa mbali mpaka akahakikisha ameingia kwenye lango la nyumbani, kisha akarudi, akafunga mlango wa gereji, akalia akiwa ameegemea gari la kijani.

Baba hakutokea tena. Mama alisema anashinda uani, haongei, chakula anakigusa tu. Binti aliimalizia injini peke yake, gasketi mpya, kabureta imesafishwa, kila nati imekazwa kwa kipimo. Siku ya kuiwasha alikwenda kumchukua.

"Nahitaji sikio," alimwambia. "Mikono ninayo."

Mzee akatafuta viatu.

Injini iliwaka. Hapakuwa na moshi. Baba aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini wake sikioni, akasikiliza silinda moja moja.

"Ya pili, valvu ya kutolea moshi. Umeibana mno. Ipe nafasi ipumue."

Binti alizima, akapima, akakuta ni kweli. Akalegeza. Ilipowaka tena, baba alitikisa kichwa kukubali, lakini hakutabasamu.

Wakalitoa barabarani kulijaribu. Binti alikuwa amejiandaa kwa maneno ya upole ya kumnyima ufunguo, akahangaika nayo usiku kucha. Hayakuhitajika. Baba alizunguka mwenyewe upande wa abiria, akafungua mlango, akaketi na kuweka mikono juu ya mapaja.

Gari lilikwenda vizuri. Lilipanda mlima wa soko bila kuhema, likashuka kimya, likapita shule na kituo cha mafuta. Baba alikuwa amefumba macho.

"Zunguka tena," alisema walipokaribia nyumbani.

Akazunguka. Wakapanda mlima, wakapita soko, shule na kituo cha mafuta, wakafika tena karibu na lango.

"Zunguka tena," alisema, kwa sauti ile ile, kana kwamba ndiyo kwanza anaomba.

Binti alimtazama. Hakuweza kujua kama baba amesahau, au hataki tu safari iishe. Hakumuuliza. Akapinda usukani.